Mishipa ya damu ya figo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa mtu mwenye presha isiyoshuka, kwa aliyeona damu kwenye mkojo, na kwa jamaa anayemsindikiza mgonjwa hospitali. Daktari aliyekupima kwa mikono yake anajua zaidi kuhusu mwili wako kuliko ukurasa wowote. Lakini jambo moja nalisema tangu mwanzo: vipimo vya mishipa ya figo vina utaratibu wake. Anayekimbilia mashine kubwa Dar es Salaam kabla hajapimwa presha mikono yote miwili hapa nyumbani hutumia pesa nyingi, na pengine hurudi bila jibu.

Mishipa ya figo ni ipi, na inapata kasoro gani?

Kila figo hupokea damu kwa ateri inayochipuka kutoka mshipa mkuu unaoshuka tumboni, na damu hurudi kwenye moyo kwa vena. Mafigo mawili ni madogo, lakini hupitisha kiasi cha lita moja ya damu kila dakika, yaani kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa hivyo kasoro ndogo ya mshipa huleta mambo makubwa.

Ateri inaweza kuwa nyembamba, kuziba ghafla kwa donge la damu, au kututumka upande mmoja. Vena inaweza kugandiwa na damu au kubanwa. Tena ipo hali ambapo ateri na vena huungana moja kwa moja pasipo vijishipa vidogo vya katikati. Wengine huzaliwa nayo, na wengine huipata baada ya jeraha au baada ya figo kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha kupima.

Si kila tofauti ni ugonjwa. Karibu mtu mmoja kati ya watatu au wanne ana ateri ya ziada kwenye figo mojawapo, na anaishi nayo salama hadi uzee.

Mshipa wa figo unapandishaje presha ya mwili mzima?

Figo likipata damu kidogo hudhani mwili mzima umepungukiwa. Hutoa renini, kemikali inayoanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke, na presha hupanda. Harry Goldblatt alilionesha hilo Marekani mwaka 1934 alipobana ateri za figo za mbwa kwa vibanio, na presha ya wanyama hao ikapanda ikabaki juu. Figo lenyewe huwa halina kosa. Linajibu upungufu unaotoka kwenye mshipa.

Kwa watu wazima wengi wenye ateri nyembamba, takriban 9 kati ya 10, sababu ni mafuta na chokaa vinavyojijenga ndani ya mshipa. Hawa mara nyingi ni wenye umri mkubwa, wavutaji sigara, wenye sukari au lehemu nyingi. Kundi dogo, wengi wao wanawake wenye umri wa kati au vijana, huwa na ukuta wa mshipa ulioota vibaya, na kwenye picha ateri huonekana kama shanga zilizotungwa. Upo pia uvimbe wa kuta za mishipa mikubwa unaoitwa Takayasu, kwa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Huu huwashika zaidi wasichana na wanawake vijana, na presha ya mkono mmoja inaweza kuwa chini sana kuliko ya mwingine.

Nitajuaje kama presha yangu ni ya aina hii na si presha ya kawaida?

Peke yako hutajua, lakini zipo dalili zinazotosha kumwambia daktari, "Naomba tuangalie mishipa ya figo." Presha iliyoanza kabla ya miaka 30 kwa mtu asiye mnene na asiye na ukoo wenye presha. Presha iliyokuja ghafla baada ya miaka 55, au iliyokuwa imetulia kwa miaka kisha ikaharibika. Presha isiyoshuka ingawa unameza dawa tatu kwa kipimo kamili, mojawapo ikiwa ya kukojoza. Mapafu kujaa maji ghafla usiku, yakatulia, yakarudia, na moyo ukipimwa unasukuma vizuri. Figo moja kuwa fupi kuliko jenzake kwa zaidi ya sentimita 1.5. Mvumo unaosikika daktari akiweka kipimo cha masikio juu ya kitovu.

Kwenye hiyo dalili ya dawa tatu nataka nikae kidogo. Wengi wanaosema dawa hazifanyi kazi hawazimezi kila siku, na sababu zao ni za kweli: dawa zimekwisha kituoni, kichwa hakiumi tena, au jirani amesema ukizianza huziachi. Mwambie daktari ukweli huo bila haya. Akikuona unameza dawa kumbe humezi, atakupeleka kwenye vipimo ambavyo huvihitaji, na presha itabaki pale pale. Sema pia kama unatumia diklofenaki kwa maumivu ya mgongo au magoti, kwa sababu dawa za namna hiyo hupandisha presha na kuchosha figo.

Natoka Pemba na nakojoa damu. Si kichocho tu?

Huenda ni kichocho, na ni sawa kuanzia hapo. Kichocho cha mkojo kinajulikana vizuri Unguja na Pemba. Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, imekuwa ikikichunguza pamoja na minyoo tangu mwaka 2000. Kipimo chake ni rahisi ukikifanya kwa wakati wake: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hivyo mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya. Mara nyingi damu huonekana mwishoni mwa kukojoa.

Kosa linalotuumiza ni kuishia hapo. Mtu amemeza prazikwanteli, wiki zimepita, damu bado, na anaambiwa ameze tena. Kama umetibiwa na mkojo uliopimwa upya hauna mayai lakini una damu, sababu nyingine lazima itafutwe. Inaweza kuwa mawe, selimundu, ugonjwa wa vichujio vya figo, au mshipa. Na aliyepita miaka 40 asikubali kuondoka bila kibofu chake kuangaliwa, kwani kichocho cha muda mrefu kinahusishwa na saratani ya kibofu.

Damu ya kwenye mshipa ina tabia zake. Ateri na vena zilizoungana zinaweza kutoa damu nyingi yenye mabonge, pamoja na maumivu ya ubavu. Kwa vijana wembamba, vena ya figo la kushoto inaweza kubanwa inapopita kati ya mshipa mkuu na ateri ya utumbo. Kijana huyo huona damu baada ya mpira au kazi nzito, huumwa ubavu wa kushoto, na mvulana anaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani ya kushoto. Hilo la korodani vijana wengi hulificha. Mama au baba aulize kwa upole.

Vipimo gani vya mwanzo naweza kufanyiwa bila kuvuka bahari?

Vingi, tena ndivyo vyenye thamani kubwa. Presha mikono yote miwili, ukiwa umekaa na kupumzika, kwa kitambaa kinachoenea mkono wako. Tofauti inayojirudia ya 20 na zaidi isipuuzwe. Mapigo ya miguu yaguswe. Mvumo wa tumbo usikilizwe. Mkojo upimwe protini na damu. Damu ipimwe kriatinini (taka ambayo ikizidi huonesha figo limechoka), potasiamu, sukari na, kama hujawahi kupimwa, selimundu. Potasiamu iliyo chini bila dawa ya kukojoza ni dalili ambayo huachwa ikapita mara nyingi mno. Moyo upigwe picha ya umeme.

Kisha altrasaundi ya mafigo, ikieleza urefu wa kila figo kwa sentimita. Ripoti iliyoandikwa "mafigo yako sawa" tu, bila namba, irudishwe kwa adabu na namba ziombwe.

Altrasaundi imesema mafigo mazima. Bado naweza kuwa na tatizo la mshipa?

Ndiyo. Altrasaundi ya kawaida huona umbo la figo. Mwendo wa damu huonekana kwa altrasaundi ya dopla, na hiyo lazima iombwe kwa jina.

Dopla inafanywaje, na nijitayarishe vipi?

Mpimaji hupaka jeli tumboni na ubavuni, akasogeza kifaa taratibu huku akikuambia ushikilie pumzi. Hakuna sindano wala mionzi. Anapima kasi ya damu. Mpira wa maji ukiubana kwa kidole, maji hupita kwenye tundu dogo kwa nguvu, na ateri iliyobana hufanya vivyo hivyo. Kasi inayopita sentimita 180 hadi 200 kwa sekunde, au inayozidi mara tatu na nusu ile ya mshipa mkuu, hutia shaka kubwa ya ateri nyembamba.

Usile kwa saa 6 hadi 8 kabla, na usiku wake uepuke kunde, maharage na soda. Gesi ya tumbo huziba njia, hasa upande wa kushoto. Dawa za presha meza kwa maji kidogo, ila kama umeambiwa vingine.

Ubora wa kipimo hiki uko mikononi mwa anayekifanya. Mpimaji mzoefu huchukua nusu saa na zaidi kwa mafigo mawili. Uliza kabla ya kupangiwa siku: ni nani hapa anayepima ateri za figo mara kwa mara? Hilo si tusi kwa mtu yeyote. Ripoti ikisema "haikuonekana vizuri", maana yake hujapata jibu. Isisomwe kama ripoti ya mshipa mzima.

Nimepewa kaptoprili na sasa kriatinini imepanda. Je, dawa imeniua figo?

Si lazima, na usiiache kimya kimya. Dawa za presha za kundi hili, pamoja na enalaprili na losatani, hulegeza mshipa unaotoka kwenye vichujio vya figo. Kama ateri za pande zote mbili ni nyembamba, au una figo moja tu na ateri yake imebana, msukumo ndani ya figo hushuka na kriatinini hupanda. Kupanda kidogo huvumiliwa. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, daktari huisimamisha na kutafuta sababu kwenye mishipa. Mara nyingi kazi ya figo hurudi dawa ikiondolewa.

Ndiyo maana kriatinini ipimwe kabla ya kuanza na irudiwe baada ya wiki moja au mbili. Anayepewa dawa hizi bila kipimo cha pili amenyimwa kidokezo cha bure.

Siti skani ya mishipa ina hatari gani?

Unadungwa dawa yenye iodini kwenye mshipa wa mkono, picha zinapigwa kwa sekunde chache, na ateri zote zinaonekana hadi matawi yake. Utahisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na kama umejikojolea. Hujajikojolea, na hisia hiyo hupita.

Hatari ni mbili, mbali na mionzi. Ya kwanza ni figo lililokwisha kuchoka kuchoshwa zaidi, kwa hivyo kriatinini mpya ni lazima kabla ya picha. Kama unameza metfomini, dawa ya sukari, na figo halifanyi kazi vizuri, utaambiwa uisimamishe kwa saa 48 na kriatinini ipimwe tena kabla ya kuirudia. Ya pili ni mzio. Sema kama una pumu, au kama uliwahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa hiyo hiyo.

Hapa kwetu huulizwa sana: "Nikila kamba navimba mdomo, basi iodini itaniua?" Hapana. Mzio wa kamba, kaa au pweza unatokana na protini za wanyama hao, na iodini haihusiki. Mtajie daktari mzio huo kama mzio mwingine wowote, lakini usikatae kipimo kwa ajili yake. Na mama anayelima mwani Paje au Jambiani, ambaye mikono yake iko ndani ya iodini kila bamvua, hana sababu ya kuogopa kuliko mwengine.

MRI, ile picha ya sumaku, si bora zaidi, maana haina mionzi?

Kwa baadhi ya watu ni bora. Huonesha shina la ateri vizuri, lakini matawi madogo hupotea, na wenye vyuma fulani mwilini hawawezi kuingia. Dawa yake ni gadoliniamu. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba baadhi ya aina zake zinaweza kukakamaza ngozi na viungo kwa watu ambao mafigo yao yamefeli kabisa. Aina zinazotumika zaidi sasa zina hatari ndogo sana, ila wanaosafishwa damu waseme mapema.

Kuna haja gani ya kuingizwa mrija kwenye paja?

Huo unaitwa anjiografia, nao ndio kipimo cha mwisho chenye uhakika zaidi. Reynaldo dos Santos alipiga picha ya mshipa mkuu wa tumbo Lisbon mwaka 1929, na Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953 akaeleza namna ya kuingiza mrija kwa sindano na waya bila kupasua. Leo unatiwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono, ukiwa macho. Daktari huweza kupima presha kabla na baada ya sehemu iliyobana, na kutibu hapo hapo: kupanua kwa puto, kuweka stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi), au kuziba mshipa unaovuja damu.

Kwa kuwa ni kazi ya ndani ya mshipa, hafanyiwi mtu kwa udadisi. Inafaa pale ambapo picha za nje zimeacha shaka, au matibabu yamekwisha kukusudiwa. Ukichomwa kinena utalala chali saa kadhaa. Ukiona uvimbe unaokua, au mguu unakuwa baridi, ita muuguzi papo hapo.

Ateri imeonekana nyembamba. Kwa nini daktari anakataa kuniwekea stenti?

Pengine anakupa ushauri mzuri. Majaribio mawili makubwa, ASTRAL mwaka 2009 na CORAL mwaka 2014, yalilinganisha stenti na dawa peke yake kwa watu wenye ateri zilizobanwa na mafuta. Kwa jumla waliowekewa stenti hawakupata nafuu zaidi. Dawa za presha, za kushusha lehemu, na kuacha sigara ndiyo msingi. Stenti hufikiriwa kwa wachache: mapafu yanayojaa maji mara kwa mara, figo linaloshuka haraka, presha iliyoshinda dawa zote. Mwenye ateri ya shanga ni habari nyingine. Puto bila stenti humsaidia sana, na wengine huacha au hupunguza dawa. Kwa hivyo kumjua mgonjwa wa aina hiyo mapema kunalipa.

Naweza kupimwa katika Ramadhani?

Dopla ya asubuhi inakwenda vizuri na saumu. Siti skani ni tofauti, kwani utatakiwa kunywa maji ya kutosha kabla na baada. Kama kipimo kinaweza kungoja hadi baada ya Idi, kingoje. Kama hakiwezi, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku hiyo.

Mjamzito je?

Dopla ni salama. Siti skani na gadoliniamu huepukwa isipokuwa maisha yako hatarini. Jambo zito zaidi: kaptoprili, enalaprili na losatani humdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo mwanamke anayezimeza aseme kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuambiwa ana ateri ya figo iliyotutumka amwone mtaalamu mapema pia, maana hatari ya kupasuka huongezeka wakati wa ujauzito.

Mtoto wa skuli anaweza kuwa na presha ya figo?

Anaweza. Kwa mtoto presha kubwa huwa na sababu mara nyingi, na figo na mishipa yake huongoza. Apimwe kwa kitambaa cha mtoto.

Navimba uso asubuhi na mkojo una povu. Yanahusiana na mishipa?

Yanahusiana. Figo linalomwaga protini nyingi hufanya damu igande kwa urahisi, na vena ya figo ni moja ya sehemu zinazoganda. Ukiwa na hali hiyo na ukapata maumivu ya ubavu ghafla, damu kwenye mkojo au mguu kuvimba upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dopla au siti skani huonesha, na matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda.

Maumivu gani yasingoje asubuhi?

Maumivu makali ya ubavu yaliyoanza ghafla kwa mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au mwenye mlango wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Donge linaweza kuruka kutoka moyoni na kuziba ateri ya figo. Hufanana mno na jiwe, na altrasaundi inaweza kuonekana safi. Waambie wahudumu kuhusu moyo wako kabla hawajakuuliza. Vivyo hivyo anayekosa pumzi ghafla, aliyezimia akiwa na maumivu ya tumbo, au asiyepata mkojo kabisa.

Nimepewa rufaa. Nichukue nini?

Kwa mtu wa Mkoani au Wete safari kawaida hupitia Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kazi za mrija wengi hupelekwa Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Piga simu siku moja kabla ya boti kuhakikisha mashine inafanya kazi na mtaalamu yupo. Chukua barua ya rufaa, kadi ya mfuko wa huduma za afya kama unayo, na daftari la presha lenye tarehe. Chukua kriatinini zote, za zamani na za sasa, na dawa zenyewe ndani ya maboksi yake, za asili zikiwemo. Picha ziombe kwenye sidii. Karatasi ya ripoti peke yake humlazimisha daktari mwengine akupige upya, na dawa ya iodini unapewa mara mbili.

Nataka kumpa ndugu yangu figo. Kwa nini napigwa picha ya mishipa na mimi ni mzima?

Kwa sababu daktari wa upasuaji lazima ajue idadi ya ateri kabla ya kukata. Upandikizaji ulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mara nyingi huchukuliwa figo la kushoto kwa kuwa vena yake ni ndefu. Likiwa na ateri nyingi, wanaweza kuchagua la kulia, au kukushauri usitoe. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, haina maana kwamba unaumwa.

Mishipa yote imeonekana safi lakini presha bado iko juu. Sasa nini?

Sasa kuna mlango mmoja umefungwa, na hilo lina faida. Daktari ataangalia tezi zilizo juu ya mafigo, hasa kama potasiamu ilikuwa chini, kisha tezi ya shingo, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, chumvi ya chakula, na vidonge vya uzazi wa mpango. Kriatinini na mkojo virudiwe angalau mara moja kwa mwaka, na ile sidii iwekwe pahala pakavu, kwani picha ya leo ndiyo itakayolinganishwa na ya baadaye kama mambo yatabadilika.